Kiungo Kiko Wapi? Maneno kwa Wanaotengeneza Besimenti Zao

(Haya niliyazungumza Jumamosi alasiri kwenye mkutano wetu hapa Brooklyn Park, Minnesota. Waliokuwa zamu kazini wameomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, habari za alasiri. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mlioketi upande ule wa chai, karibuni, sogeeni mbele, chai haikimbii.

Kwanza tukubaliane maneno, tusije tukagombana hapa. Mimi mtu wa Tanga. Nikisema bomba naweza kuwa nasema lile dude refu linalopitisha maji, au pale unapokinga ndoo. Mkenya pale anapokinga ndoo anapaita mfereji. Ndugu zangu wa Bukavu na Uvira wanasema robine. Leo bomba ni lile refu, pale pa kukinga ndoo ni koki. Tumeelewana? Haya.

Wangapi hapa nyumba zenu zina besimenti? Nyosheni mikono. Naona wengi. Na wangapi mnataka kuigeuza iwe na bafu, jiko la pili, chumba cha bibi anayekuja kutoka nyumbani kulea mjukuu? Mikono ile ile! Sasa niambieni, kwa nini nyumba za huku zinachimbiwa chumba chini ya ardhi, wakati kwetu tunamwaga zege juu ya kifusi tunaendelea? Ni baridi. Udongo ukiganda unavimba na kunyanyua nyumba. Kwa hiyo sheria ya jimbo hili inataka msingi ushuke inchi 42 kwa upande wetu wa kusini, na inchi 60 kule kaskazini. Ukishachimba shimo la namna hiyo, ukiongeza kidogo umepata chumba. Besimenti ni mtoto wa baridi. Likumbukeni hilo, maana baridi tutakutana nayo tena kabla sijashuka hapa.

Nimekuwa fundi bomba miaka 26, kumi na miwili Tanga na Dar, kumi na minne hapa. Kila wiki napigiwa simu: "Fundi, bomba gani zuri?" Na mimi kila wiki najibu kwa swali: kiungo kiko wapi? Bomba lenyewe, likiwa zima na limewekwa vizuri, mara nyingi halina neno. Maji yanatafuta kiungo. Kiwiko cha kona, ti ya njia tatu, soketi ya kuungia, pale mkono wa binadamu ulipogusa. Na swali la pili, pacha wa lile la kwanza: siku kiungo hicho kikikosea, mkono wako unafika? Kiungo kiko wapi, na mkono unafika? Basi. Mengine yote ni rangi na bei.

Nianze na kiungo ambacho wengi hatukifikirii kabisa, kile kinachoingiza maji ndani kutoka barabarani.

Dada mmoja aliniita Saint Paul. Kanunua nyumba ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, nzuri kweli, mbao za sakafu unajiona sura yako. Anataka bafu chini. Ameshachagua vigae, ameshachagua koki rangi ya dhahabu. Ananiambia, "Fundi, wewe niambie tu mabomba ya shaba au ya plastiki." Nikamwambia, subiri, nioneshe kwanza mita ya maji ilipo.

Tukashuka. Kona ya mbele, nyuma ya maboksi ya Krismasi, bomba linatokea kwenye zege. Kijivu, limepinda kidogo kama mzizi. Na kabla ya valvu kuna uvimbe, duara, kama kitunguu kilichomezwa na nyoka. Nikatoa sarafu mfukoni nikakwaruza. Pale palipokwaruzwa pakang'aa kama shilingi mpya. Nikaweka sumaku: haikushika, ikaanguka. Chuma kingeishika. Kopa, yaani shaba nyekundu, ingetoa rangi ya senti ya Kimarekani. Hii ilikuwa risasi. Si ile ya bunduki, ingawa na hii inaumiza, ila polepole, na inawaanza watoto.

Dada akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza, "Lakini mimi maji ya mtoto nachemsha."

Ndugu zangu, hapa nataka mnisikilize vizuri, hasa sisi tuliolelewa na birika la maji ya kuchemsha. Kuchemsha kunaua wadudu. Risasi si mdudu. Ukichemsha, maji yanapungua kwenye sufuria, risasi inabaki ile ile. Narudia: risasi inabaki ile ile. Dawa yake ni kung'oa bomba. Kabla halijang'olewa, tumia chujio lililothibitishwa kwa ajili ya risasi, na maji ya kupikia na ya maziwa ya mtoto yachotwe upande wa baridi, kwa sababu maji moto yanavuta risasi zaidi.

Mmesikia habari za Flint, kule Michigan. Mwaka 2014 mji ule uliacha maji ya Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint, na ile dawa inayozuia maji kula mabomba haikuwekwa, risasi ikatoka mabombani ikaingia kwenye maji. Mabomba yalikuwa pale pale siku zote, kilichobadilika ni maji. Ndiyo maana simwambii mtu "nyumba hii imekaa miaka themanini bila shida." Hujui maji ya kesho.

Marekani ilipiga marufuku kufunga mabomba ya risasi na kulehemu kwa risasi mwaka 1986. Maana yake nini kwako? Kwamba hata nyumba yenye kopa tupu, kama ni ya kabla ya hapo, viungo vyake huenda vimelehemiwa kwa madini ambayo nusu nzima ni risasi. Na koki ziliruhusiwa kuwa na kiasi chake hadi 2014, sheria ilipobana ikawa robo ya asilimia moja. Kwa hiyo ile koki ya shaba uliyoiokota kwenye mnada ukaona dili, iache ikanyweshee maua.

Yule dada tulisimamisha vigae. Akapiga simu idara ya maji ya mji, kwa sababu upande wa barabarani ni wao ndio wanaojua una nini, na miji mingi ina utaratibu wa kusaidia gharama. Na usikubali kubadilisha nusu, upande wako tu, ukaacha ule wa barabarani. Kukata bomba la risasi kunalitikisa, na kwa muda maji yanakuwa mabaya kuliko mwanzo. Bafu lake lilichelewa miezi minne. Alinikasirikia miezi mitatu.

Haya, sasa bomba la ndani.

Kwetu nilikulia kwenye GI, mabomba ya chuma. Unakata, unachonga nyuzi, unazungushia katani, unapaka rangi, unakaza kwa spana mbili mpaka mishipa ya shingo inatoka. Halafu ikaja PPR, bomba la plastiki, unapasha ncha mbili kwenye pasi yake kama unaunganisha mishumaa, zikipoa zimekuwa kitu kimoja. Naipenda PPR, sijifichi. Lakini huku usihangaike kuitafuta kwa ajili ya nyumba ya kawaida. Mafundi wengi hawana mashine yake, na siku ukihitaji ti moja Jumapili usiku hutaipata dukani. Bomba lisilo na duka jirani ni mzigo.

Huku utakutana na kopa, CPVC na peksi. Na kama nyumba ni ya zamani, GI zetu zipo, zimeoza kwa ndani mpaka tundu limebaki la kupitisha njiti. Kuna mtu alidhani mji umempunguzia maji kumbe ni kutu. Ukikuta GI, usiunge kopa moja kwa moja kwenye chuma. Metali hizo mbili zikigusana ndani ya maji, chuma ndicho kinaliwa. Weka kiungo maalumu kinachozitenga.

CPVC, ile plastiki ya rangi ya maziwa inayoungwa kwa gundi, ni rahisi kwa bei. Mimi siipendi, inakuwa kavu na uzee, ukiigonga na nyundo bahati mbaya inakatika kama biskuti. Wenzangu wengine wanaitetea. Wakija hapa watasema yao.

Kopa ni mfalme. Ina aina tatu za unene, unazijua kwa maandishi yaliyopigwa juu yake: nyekundu ni M, nyembamba, buluu ni L, ya kati, kijani ni K, nene. Kwa nyumba mimi natumia ya buluu. Lakini kopa ina moto. Kila kiwiko unawasha gesi, na besimenti dari yake ni boriti za mbao kavu za miaka mingi. Mwaka wangu wa pili huku nililehemu chini ya boriti, nikazima, nikala chakula changu. Nilirudi nikakuta alama nyekundu inapumua kwenye mbao, ndogo kama ncha ya sigara. Niliimwagia chai yangu. Tangu siku hiyo nikizima gesi nakaa nusu saa nikiangalia mbao kama mtu anayesubiri ugali uive.

Sasa peksi. Hii ni plastiki laini iliyofungwa kwa ndani kwa namna ambayo joto haliiyeyushi upesi. Mjerumani Thomas Engel ndiye aliyeleta njia mojawapo ya kuitengeneza, mwishoni mwa miaka ya 1960. Inakuja kwenye roli, futi 100, futi 300. Nyekundu kwa moto, buluu kwa baridi, ingawa rangi ni ya macho tu. Mnaona uzuri wake? Roli! Kwetu bomba la GI lina urefu wake, likiisha unaweka soketi. Ukikata kona unaweka kiwiko. Peksi unaipitisha juu, inapinda taratibu, inashuka, haijakatwa. Ukiweka sanduku la valvu karibu na mita, kila koki na valvu yake, unavuta bomba moja zima kutoka sandukuni hadi kwenye koki. Kiungo kiko wapi? Kimoja sandukuni, kimoja chini ya sinki. Mkono unafika? Unafika kote kuwili. Ndani ya ukuta hakuna kitu. Ndiyo sababu kwa besimenti nakwambia peksi.

Mzee mmoja aliniuliza, "Kijana, si waliwahi kutuuzia plastiki hapa ikatuaibisha?" Kweli kabisa, na nampongeza. Kati ya 1978 na 1995 nyumba nyingi Marekani ziliwekwa polibutileni, bomba la kijivu. Klorini ya maji ya mji iliila polepole, ikapasuka bila taarifa, watu wakaenda mahakamani na mwaka 1995 yakafikiwa malipo ya mamia ya mamilioni ya dola. Ukikuta besimentini kwako bomba la kijivu limeandikwa PB2110, ndilo hilo. Liondoe kabla hujafunika. Peksi ni plastiki nyingine, lakini na yenyewe ina adui zake. Jua: usiiache nje kwenye mwanga. Panya: wanaitafuna, ziba matundu. Hita ya maji: usiiunge moja kwa moja, inchi 18 za kwanza ziwe za kopa au bomba la chuma linalopindika. Skrubu ya jipsamu: kama tundu la kwenye mbao liko karibu na ukingo, gongea bamba la chuma mbele yake, la sivyo mtu anayetundika picha ya harusi atakutobolea. Na usiivute ikakaza kama kamba ya nguo. Maji moto yakipita inarefuka, ikikosa nafasi inalia tik, tik, tik usiku kucha, na bibi aliyetoka Morogoro atasema nyumba ina majini.

Tundu lake pia ni dogo kidogo kuliko la kopa ya jina lile lile. Kwa hiyo njia kuu iwe robo tatu ya inchi, matawi ndiyo nusu inchi.

Kijana niliyemfundisha aliweka peksi kwenye besimenti ya mkwewe. Pete za kopa zinazobana peksi kwenye kiungo cha shaba, arobaini na kitu, zote anabana kwa koleo lake. Nikapita jioni, tukafunga geji ya shinikizo, tukajaza hewa, sindano ikakaa kwenye 80. Mkwe anauliza, "Sasa si mfunike? Fundi wa jipsamu anakuja kesho saa moja." Nikamwambia, Mzee, iache ilale. Asubuhi sindano iko 60. Hakuna mlio wa hewa popote. Tulitambaa na tochi na maji ya sabuni, kiungo kwa kiungo, mpaka nyuma ya bafu nikashika pete moja, ikazunguka. Nikaisukuma kwa kidole kimoja, ikateleza kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Haikubanwa. Bomba lilikuwa limeshikilia shaba kwa ubishi wake tu. Lingeweza kushikilia wiki, lingeweza kushikilia mpaka Idi. Yule mkwe aliitazama pete ile, akazitazama mbao za jipsamu zilizopangwa mlangoni, hakusema neno. Akaenda kutuletea chai.

Kwa hiyo geji ilale usiku mzima. Na mkaguzi aje aone ukuta ukiwa wazi. Sheria ya hapa inakuruhusu mwenyewe kufanya bomba kwenye nyumba unayoimiliki na kuishi, lakini kwa kibali na ukaguzi. Ukifunika kabla hajaona, atakwambia ubomoe, na ana haki.

Maji machafu nitayapitia haraka, maana hiyo ni hotuba nyingine. Mteremko ni robo inchi kwa kila futi moja kwa mabomba madogo. Kila choo na sinki vinahitaji bomba la kuvuta hewa, vinginevyo choo kikishuka kinanyonya maji yote kwenye ile kona ya U chini ya sinki, na harufu inapanda sebuleni wageni wakiwepo. Na kabla hujavunja zege, angalia bomba kubwa la nyumba linatokea wapi. Kama linatoka ukutani juu ya sakafu ya besimenti, choo chako kitahitaji pampu ya kuinua uchafu. Maji hayapandi mlima kwa sababu umelipia vigae.

Sasa ile baridi niliyosema tutakutana nayo. Hapa nitajisema mwenyewe.

Bafu la besimenti yangu nilijenga mimi, kwa mikono hii. Mke wangu alitaka sinki liwe chini ya kidirisha, apate mwanga. Kidirisha kiko ukuta wa nje. Mimi nikajiambia, mimi ni fundi, nitaweka pamba ya kuzuia baridi. Nikapitisha kopa ndani ya ukuta wa nje, nikaweka pamba nene ya pinki mbele ya bomba, nikafunga jipsamu. Umesikia nilipoweka pamba? Mbele ya bomba. Kati ya bomba na chumba chenye joto! Nyuma, kwenye zege linalogusa theluji, sikuweka kitu. Nililivalisha bomba koti upande wa jiko nikaliacha mgongo wazi barazani.

Januari tukaenda Tanga, harusi ya mpwa wangu, wiki tatu. Nikashusha hita tusilipe gesi bure. Mlango wa bafu la chini nikaufunga, hata sijui kwa nini. Tuko Tanga tunakula mahamri, jirani ananipigia video. Anaonesha kidirisha: kwa ndani kuna barafu, imeota kama meno.

Watu wanadhani barafu inapasua bomba pale inapoganda. Maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9, kweli. Lakini mara nyingi barafu inaziba kama kizibo, inaendelea kukua, na inayasukuma yale maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Hayana pa kwenda. Shinikizo linapanda, linapanda, mpaka kiungo dhaifu kinaachia. Kwangu kiwiko nilicholehemu mwenyewe kilichomoka futi tatu mbali na barafu, safi kabisa, kama kofia iliyovuliwa. Baridi ilipolegea, kizibo kikayeyuka, maji ya mji mzima yakapata njia.

Kiungo kilikuwa wapi? Ndani ya ukuta. Mkono ungefika? Mkono wangu ulikuwa Tanga.

Jirani ana ufunguo, Mungu ambariki. Aliingia viatu vikizama, akaniuliza kwa simu, "Valvu kuu iko wapi?" Nikamwelekeza: nyuma ya friji ya akiba. Akavuta friji. Akazungusha ile geti valvu ya zamani, gurudumu likamkatikia mkononi. Mimi fundi bomba wa miaka 26, ya wateja wote nimebadilisha, ya kwangu nilikuwa nasema wikiendi ijayo. Aliwaita watu wa maji wakafunga barabarani. Ilichukua saa moja na dakika kumi. Nilizihesabu, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa harusi.

Sasa hivi bomba zote kwangu zinapita kwenye ukuta wa kati. Sinki liko gizani, mke wangu amenunuliwa taa. Valvu kuu ni ile ya tufe, mkono mmoja, robo mzunguko, imefunga, na nimeipaka rangi nyekundu. Mbele yake hakuna friji wala boksi. Tukisafiri naifunga, na hita haishuki chini ya nyuzi 55 za hapa, kama 13 za kwetu. Watoto wote wanajua kuifunga. Yule wa miaka sita aliifunga mwezi uliopita mimi nikiwa na sabuni kichwani, kuhakikisha kwamba inafanya kazi.

Pale mezani karibu na sambusa nimeweka vipande: risasi, GI iliyooza, kopa ya nyekundu na ya buluu, peksi, na ile pete ambayo haikubanwa, mkwe alinipa kama kumbukumbu. Vishikeni, vikwaruzeni, sumaku iko kwenye sahani. Kile cha risasi msikiguse kabla ya kula, na watoto wasikiguse kabisa. Mama wa kilemba cha kijani umenyoosha mkono tangu niliposema sinki la dirishani. Karibu mama, uliza.